Poliesta, epoksi au poliurethani, silikoni ya bati au ya platini: namna ya kuchagua kabla hujanunua

Anayeanza kumimina vipande vya rezini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ndani ya kalibu, karibu kila mara huuliza kwanza kuhusu silikoni ya kutengenezea kalibu hiyo: ninunue ipi? Mimi humwambia swali hilo aliweke mwisho. Kwanza ajue kipande kitafanya kazi gani, kitakaa wapi na vinatakiwa vingapi. Akishalijua hilo, uchaguzi wa rezini unakuwa mwepesi. Rezini ikishajulikana, ndipo anapoiangalia sampuli aliyonayo mkononi, yaani kipande anachokinakili, na kuamua kalibu itengenezwe kwa kitu gani. Ukianza na silikoni kwa kufuata bei, unaweza kubaki na kilo nzima ya bidhaa nzuri isiyofaa kazi uliyonayo.

Kazi zinazoingia kwenye karakana ndogo hapa Dar es Salaam zinajulikana. Kishikizo cha jiko la gesi kimevunjika. Kifuniko cha taa ya nyuma ya gari ambalo spea zake haziletwi tena. Gia ndogo ya plastiki ya mashine. Ngao za tuzo za shule, herufi za mabango, vishikio vya funguo. Mteja anaweka kipande kimoja mezani na kusema, "Fundi, nataka kama hii, ziwe kumi." Kwake yeye vyote ni plastiki tu. Kumbe kila kimoja kina madai yake: kishikizo kinataka kuvumilia joto na kubanwa na skrubu, kifuniko cha taa kinataka uangavu na kuhimili jua, ngao haihitaji nguvu yoyote ila ing'ae na bei isiishinde shule, herufi zinataka wingi.

Joto liulizie mapema, kwa sababu ndilo linalowarudisha wateja na malalamiko. Rezini nyingi za kawaida za kumimina, ziwe epoksi au poliurethani, huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huku vioo vimefungwa hufika huko bila taabu. Kipande kinachokaa karibu na moto au juani kinataka rezini ambayo karatasi yake ya maelezo inataja kiwango cha joto kwa namba. Zipo zinazovuka nyuzi 100, ila nyingi kati ya hizo huhitaji kupashwa joto tena baada ya kuganda ndipo zifikie uwezo wake. Na kuna vipande ambavyo fundi mwenye dhamana hamiminii mtu kabisa, hata akilipwa mara mbili: chochote cha breki, cha usukani, au kinachoshikilia presha ya gesi.

Rezini tatu zikiwekwa pamoja

Poliesta wengi wanaijua tayari, hata wasioijua kwa jina. Ndiyo ile ya faiba inayotengeneza boti, bampa na matangi, na bodifila ya mafundi bodi imetokana nayo. Kati ya hizi tatu ndiyo ya bei ya chini. Inaganda ngumu na inakubali msasa wa maji na polishi mpaka ing'ae vizuri sana. Shida yake kubwa ni kusinyaa: asilimia 5 hadi 8 ya ujazo. Kipande cha milimita 100 kinaweza kupungua kama milimita 2 kwa urefu, na hizo milimita 2 zinatosha tundu la bolti lisikutane na mwenzake. Kwa ngao ya tuzo hakuna atakayejua. Kwa kifuniko kinachotakiwa kuingia kwenye mfuo wake, umepoteza rezini na siku. Vilevile ni rahisi kukatika ikidondoka sakafuni, na upande uliobaki wazi kwa hewa huendelea kunata hata siku ya pili, labda uufunike kwa karatasi ya plastiki au ununue ile iliyotiwa nta.

Epoksi haina harufu kali, husinyaa kidogo sana, na hushika mbao kwa nguvu. Ndiyo maana meza za mninga au mkongo zenye "mto" wa rezini katikati hufanywa kwa epoksi. Lakini ni ya polepole. Nyingi huhitaji saa 24 kabla ya kutolewa kwenye kalibu na saa 72 kabla ya kutumika. Ukiwa na kalibu moja na oda ya vipande kumi, hizo ni siku kumi, au utengeneze kalibu kumi. Jua nalo huigeuza rangi ya njano. Zile zenye dawa ya kukinga miale huchelewa kubadilika, ila hazina kinga ya milele.

Poliurethani ndiyo ya karakana ya vipande. Aina nyingi huchanganywa nusu kwa nusu, unapata dakika 3 hadi 7 za kuimimina, na baada ya nusu saa au zaidi kidogo kipande kinatoka. Kumi unazimaliza siku moja kwa kalibu ileile. Haisinyai kwa kiasi cha kukusumbua, haikatiki ovyo, unaitoboa kwa drili na skrubu inashika, na kwa mguso inakaribiana na plastiki ya kiwandani. Gharama yake ni kwamba inachukia maji kuliko kitu chochote, haikungoji ukizubaa, na moja ya kemikali zake inadai heshima kubwa, kama nitakavyoeleza mbele.

| | Poliesta | Epoksi | Poliurethani |
|---|---|---|---|
| Kutoka kwenye kalibu | saa chache | saa 24 au zaidi | karibu nusu saa |
| Kusinyaa | kwingi | kidogo | kidogo |
| Kosa la vipimo | huvumilia kiasi | haivumilii | haivumilii |
| Unyevu | huvumilia kiasi | huweka ukungu na mafuta juu | hutoa mapovu |
| Harufu | kali sana | ndogo | ndogo, lakini usiiamini |
| Inapofaa | vitu vikubwa, faiba, mapambo ya bei nafuu | mbao, vito, vitu angavu vichache | vipande vya vipimo, oda za wingi |

Kifuniko cha taa kimekaa katikati ya mistari hii. Epoksi ya kawaida itageuka njano, na poliesta angavu nayo haidumu juani. Chaguo zuri ni poliurethani angavu iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Hiyo ni ghali, na bila tangi la presha utapata kifuniko chenye mapovu kila mahali. Kama huna tangi, mwambie mteja ukweli na umwelekeze kwenye spea za mtumba kabla hujachukua pesa yake.

Hadina si kitu kimoja kwa rezini zote

Hadina ni kile kimiminika cha pili kinachoigandisha rezini. Hapa napataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo fundi mzuri wa faiba anapoharibikiwa akihamia epoksi.

Kwenye poliesta, ile chupa ndogo ya MEKP ni kichocheo. Inaanzisha mmenyuko wa kemikali, kisha rezini inajishika yenyewe. Ndiyo maana unaruhusiwa kucheza kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito: adhuhuri ya Januari Dar es Salaam unakaa kwenye 1, asubuhi ya Julai Nairobi unasogea kwenye 2. Fundi aliyezoea hivi hujenga mkono wa kukadiria kwa jicho, na kwa kazi yake mkono huo unatosha.

Epoksi na poliurethani haziko hivyo. Hadina yake ni sehemu ya mwili wa kipande. Kila chembe ya upande A (rezini) inatafuta mwenzake wa upande B (hadina), na ukizidisha B ili "ikauke haraka", ziada hiyo haina wa kushikana naye. Kipande kitabaki laini au cha kunata, na hakuna jua wala wiki ya kungoja itakayokiponya. Zaidi ya hapo, soma kopo limeandika uwiano wa ujazo au wa uzito. Epoksi ya 2 kwa 1 kwa ujazo inaweza kuwa kama 100 kwa 43 kwa uzito, kwa sababu hadina yake ni nyepesi kuliko rezini. Ukiiweka 100 kwa 50 kwenye mizani umeshaharibu.

Kwa vipande vidogo jambo hili lina upande mwingine ambao wengi hawauoni mpaka wameshanunua. Chukua kishikizo kinachotaka gramu 60 za rezini. Kwa poliesta, asilimia 1 yake ni gramu 0.6 za MEKP. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haiwezi kukuonyesha hilo. Utahitaji mizani ndogo ya vito, au bomba la sindano la mililita 1. Kwa poliurethani ya nusu kwa nusu, ni gramu 30 na gramu 30, na mizani ya kawaida inakutosha. Kwa hiyo poliesta iliyo rahisi kwenye tangi la lita 500 ndiyo ngumu kwenye kitu cha saizi ya kiganja.

Ujue ujazo wa kalibu kwa mchele mkavu: ujaze, usawazishe, kisha umimine kwenye kikombe cha vipimo. Maji yanapima kwa usahihi zaidi, lakini tone likibaki kwenye kona ya kalibu na unamimina poliurethani, utaliona tone hilo likiwa povu ndani ya kipande. Ukichanganya, kwangua pembeni na chini ya kikombe, hamishia kwenye kikombe cha pili kisafi, koroga tena, ndipo umimine. Madoa laini yasiyoganda kwenye kipande ambacho sehemu nyingine zote ni ngumu hutokana na rezini iliyokwama kwenye kuta za kikombe cha kwanza.

Pwani na bara hazimimini sawasawa

Maelezo kwenye makopo mengi yameandikwa kwa chumba cha nyuzi 23 hadi 25. Kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda karibu nusu. Poliurethani iliyoandikwa dakika 5, kwenye karakana ya bati yenye nyuzi 33, inakupa kama dakika mbili na nusu. Kwa hiyo kwa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Unguja nunua ile iliyoandikwa "ya polepole" hata kama duka linasifu ya haraka, na mimina asubuhi mapema.

Unyevu ndio unaotofautisha zaidi. Isosianeti iliyomo kwenye poliurethani ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo povu unalolaumu kwa kukoroga vibaya. Maji hayo hayatoki hewani peke yake. Yamo kwenye kijiti cha mbao cha kukorogea, kwenye kikombe cha karatasi, kwenye rangi zilizotengenezwa kwa maji, na kwenye kipande cha mbao ambacho hakijakauka. Tumia vikombe na vijiti vya plastiki. Ukimaliza, funga kopo mara moja, na kama utakaa wiki bila kulitumia, puliza ndani gesi kavu kabla ya kufunga. Kopo la isosianeti lililoachwa wazi wakati wa masika huota utando juu na baadaye halifai.

Epoksi nayo kwenye unyevu huota utando wa mafuta juu, wakati mwingine weupe kama ukungu. Ule utando huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kitambaa kabla ya kupaka tabaka la pili, la sivyo tabaka hilo litabanduka.

Silikoni ya bati, kinyume chake, inaupenda unyevu, kwa kuwa inauhitaji ili igande. Pwani inaganda vizuri; kwenye chumba kikavu sana huchelewa. Kwa hiyo fundi wa Pwani ana hewa inayosaidia kalibu yake na kuisumbua rezini yake, na mwenzake wa Nairobi hupambana zaidi na baridi: epoksi usiku wa Julai, joto likiwa karibu nyuzi 12, inaweza kushinda siku ya pili bado laini. Taa ya joto juu ya sanduku lililofunikwa humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Kalibu: bati, platini, na njia mbili za bei nafuu

Silikoni za kumimina ni familia mbili. Ya bati hugandishwa kwa hadina yenye chumvi za bati, kiasi cha asilimia 2 hadi 10 kutegemea bidhaa. Ni ya bei ya wastani na haichagui sana sampuli. Lakini inapoganda hutoa alkoholi, hivyo yenyewe husinyaa, kati ya asilimia 0.3 na 1 kadiri wiki zinavyopita, na baada ya miaka michache rafuni huanza kukatika kingo. Ya platini haitoi kitu inapoganda. Kusinyaa kwake ni chini ya asilimia 0.1, inadumu miaka mingi, na ukiipasha joto inaganda haraka zaidi. Kalibu za keki na chokoleti zinatakiwa ziwe za platini iliyothibitishwa kwa chakula. Ya bati usiipeleke jikoni kamwe.

Basi kwa nini mtu asinunue platini kila mara, akiwa na pesa? Kwa sababu platini ina maadui wengi, na wengi wao wapo mezani kwako. Salfa inaizuia kuganda. Salfa imo kwenye glavu za mpira wa asili, kwenye plastasini nyingi, na kwenye kila kipande cha mpira uliochomwa kiwandani: bushi za gari, oringi, soli za viatu, zulia la gari. Mteja akikuletea bushi ya mpira unakili umbo lake, platini itabaki uji pale inapougusa mpira. Bati nayo ni adui yake, kwa hiyo kikombe ulichochanganyia silikoni ya bati usikitumie tena kwa platini. Sampuli iliyozibwa kwa epoksi ambayo haijakomaa inaizuia, na vitu vilivyochapwa kwa printa ya 3D ya rezini ya mwanga vinaizuia sana. Vile vya printa ya uzi wa plastiki, kwa mfano PLA, havina neno.

Kabla ya kumimina platini kwenye sampuli usiyoijua, paka tone moja mahali pasipoonekana na uache mpaka muda wa kuganda upite. Likinata, hamia bati. Tone hilo linakuokolea kilo ya silikoni na sampuli ya mteja isiyo na mwenzake. Adui mwingine, safari hii wa silikoni zote, ni kioo na vigae vya kung'aa: silikoni hushikamana navyo moja kwa moja. Hapo paka vaselini nyembamba au nta kwanza.

Njia ya tatu ni lateksi, mpira wa maji unaonuka amonia. Hupakwa kwa brashi tabaka 10 hadi 20, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, kisha juu yake unajenga koti la plasta la kuushikilia. Ni imara dhidi ya kuchanika, na kwa maua ya ukuta, nguzo ndogo na sanamu za saruji au jipsamu ni chaguo zuri na la bei nafuu. Kwa rezini siipendekezi. Husinyaa kuliko silikoni, na rezini nyingi hazipatani nayo.

Ya nne ni silikoni ya bomba, ile ya kuzibia vioo na sinki, inayonuka siki. Iliyoandikwa haina harufu haifanyi kazi hii. Unaichanganya na wanga laini wa mahindi, karibu kiasi sawa kwa ujazo, unaikanda kwa glavu zenye tone la mafuta, unaibandika juu ya sampuli, na ndani ya nusu saa hivi imeshika. Haimiminiki, haichukui michoro midogo, na siki yake huweza kutia kutu chuma na kuchafua shaba. Lakini duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu nawe linayo, na kwa mtu anayejifunza, au anayetaka vishikio vinne vya droo, inatosha kabisa. Ifanyie nje, penye upepo.

Bampa, kiti au boti haviingii katika mjadala huu. Silikoni ya kujaza ukubwa huo ni pesa nyingi bure; hapo kalibu yenyewe hutengenezwa kwa faiba, sampuli ikiwa imepakwa nta mara tano au zaidi na juu yake filamu ya PVA, utando mwembamba wa kuzuia visishikane.

Kalibu ya pande mbili, kwa ukaribu

Kishikizo cha jiko kina tundu nyuma na mbavu ndani, kwa hiyo kalibu ya wazi ya upande mmoja haitoshi. Kizamishe nusu kwenye udongo wa mfinyanzi uliosawazishwa ndani ya kisanduku, ukifuata mstari ambao kiwandani kilifungwa. Mstari huo upo. Upitishe ukucha utauhisi. Pembeni yake gandamiza gololi nne nusu ziingie na uzitoe: vishimo vitakavyobaki ndivyo vitakavyofanya pande mbili zikutane palepale kila mara. Ziba kingo za kisanduku kwa gundi ya moto, maana silikoni hupenya ufa usioonekana.

Sasa silikoni. Kwanza ipake kwa brashi laini juu ya sampuli yote, hasa kwenye herufi na kona. Kisha inua kikombe juu na uimimine kwenye pembe moja ya kisanduku, mbali na sampuli, ikishuka kama uzi. Uzi huo mwembamba unapasua mapovu yenyewe unapovutika, na silikoni inapanda taratibu na kuifunika sampuli ikisukuma hewa mbele yake. Acha angalau sentimita moja juu.

Ikiganda, geuza, ondoa udongo wote, na usiitoe sampuli. Paka vaselini nyembamba juu ya silikoni ya kwanza, kila mahali, hata ndani ya vishimo vya gololi. Silikoni hushikana na silikoni, na mahali pamoja tu palipokosa vaselini patageuza kalibu yako kuwa tofali lenye kishikizo ndani. Mimina upande wa pili. Baadaye kata njia ya kumiminia na njia mbili za kutokea hewa, ukizianzia kwenye sehemu za juu kabisa za kipande, kwa maana hewa itakimbilia huko.

Kuvuta hewa au kukandamiza

Vifaa viwili hutangazwa kama vile ni kitu kimoja. Pampu ya kuvuta hewa huondoa mapovu kabla ya kugandisha, na inafaa silikoni, kwa sababu silikoni ina muda mrefu. Tangi la presha, kwa psi (kipimo cha presha) 40 hadi 60, hukandamiza mapovu ndani ya rezini mpaka yasionekane, na inafaa poliurethani ambayo haina muda wa kuvutwa. Ukiweza kununua kimoja tu na unamimina poliurethani, nunua tangi, na kalibu nayo uigandishe ndani ya tangi hilo kwa presha ileile. Kalibu iliyogandishwa nje ikiwa na povu dogo ukutani, povu hilo litabonyea chini ya presha na kipande kitatoka na kipele.

Tangi liwe la kupulizia rangi, lenye kipimo na vali ya usalama vinavyofanya kazi. Sufuria ya presha ya jikoni imetengenezwa kwa psi 15 hivi. Kuijaza psi 50 ni kutengeneza bomu.

Walio Nairobi wajue jambo moja: mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kipimo cha pampu ya kuvuta kitaishia karibu inchi 24 za zebaki, si 29 zilizoandikwa kwenye maelezo. Pampu ni nzima. Angalia silikoni yenyewe: iumuke, ifike kilele, ishuke ghafla, ikishuka, mapovu makubwa yametoka.

Mapafu na macho

Poliesta hukutisha kwa harufu yake, stirini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, mwaka 2018 liliiweka kwenye kundi la 2A, yaani la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Lakini angalau inakuonya puani. Isosianeti ya poliurethani haikuonyi. Huweza kuleta pumu, na mtu akishapata mzio wake, kiasi kidogo tu baadaye kinatosha kumbana. Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2023 unadai mafunzo maalumu kwa wanaoitumia kazini. Epoksi huja kupitia ngozi: vipele mikononi ambavyo kila mguso mpya huvirudisha. Glavu za naitraili, dirisha wazi, na barakoa yenye kichujio cha mvuke. Ile ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wowote.

Tone la MEKP likiingia jichoni linaweza kupofusha. Vaa miwani unapoipima, na weka maji safi karibu. Poliesta nyingi huuzwa pamoja na kiongeza kasi cha kobalti, kimiminika cha rangi ya zambarau. Kobalti na MEKP visikutane moja kwa moja, hata tone kwa tone, kwa maana huweza kulipuka. Koroga kobalti ndani ya rezini kwanza mpaka rangi ienee yote, ndipo uongeze MEKP. Bora zaidi, nunua rezini ambayo kobalti imeshatiwa. Kama una mtoto anayecheza karibu na meza yako, kazi ya poliesta na poliurethani ihamishie nje ya nyumba.

Ningenunua nini

Kwa anayetengeneza vishikio vya funguo, hereni na mapambo nyumbani: epoksi ya kumimina ya 2 kwa 1, na silikoni ya platini kiasi kidogo ikiwa anataka uso unaong'aa kwa muda mrefu. Sampuli yake mwenyewe ikiwa inang'aa, kalibu itang'aa, na kipande kitang'aa bila polishi. Hahitaji pampu wala tangi. Mwali wa kichomeo kidogo cha gesi ukipita juu haraka unapasua mapovu ya epoksi.

Kwa meza za mbao, epoksi ya tabaka nene, ile inayoruhusu hadi sentimita 5 kwa mara moja. Ya kupaka juu ya meza inaruhusu milimita chache tu, na ukiijaza kwenye mto wa sentimita 4 itachemka, itoe moshi na kupasuka. Mbao ziwe zimekauka kweli.

Kwa karakana inayopokea spea, nisingesita: poliurethani ya polepole na silikoni ya bati. Bati kwa sababu sampuli zako zitakuwa na mpira, grisi na gundi usizozijua, na kusinyaa kwake kwa vipande vya saizi ya kiganja kunavumilika ukizimimina mapema, kalibu ikiwa bado mpya. Kipande kinachodai vipimo vya nusu milimita, na sampuli ikishapita jaribio la tone, hapo gharama ya platini inalipa. Oda ikizidi ishirini, tumia kalibu ya kwanza kumimina vipande vitano vizuri, visafishe, kisha vitumie hivyo kama sampuli za kalibu moja yenye vyumba vitano. Kama mteja anataka kimoja tu na kuna printa ya 3D mtaani, mpeleke huko.

Ngao mia za shule kwa bei ya chini zibaki kwa poliesta, kwenye kalibu ya silikoni ya bati, na rezini imiminwe kwa tabaka mbili ili isipasuke kwa joto lake. Uza na upande wa nyuma ukiwa umefunikwa kwa kitambaa au kibao, kwa sababu huo ndio upande utakaonata.

Vyovyote utakavyochagua, nunua kopo dogo kwanza. Rezini na hadina zina tarehe ya mwisho, na kwa poliurethani kopo likishafunguliwa kwenye hewa ya Pwani tarehe hiyo haikuhusu tena: panga oda zako, fungua, na ulimalize ndani ya wiki chache.